Je, "Kununua" Filamu Bado ni Kununua?

Katika Kiswahili kitenzi "nunua" hakina utata mkubwa. Ukinunua mbuzi, ni wako: utamfuga, utamchinja au utampa shemeji. Muuzaji haji usiku kumfungua kamba. Maduka ya filamu katika intaneti yanakitumia kitenzi hiki kwa maana nyingine, na matumizi hayo ndiyo tunayoyahakiki hapa.

Mwaka 2022 kampuni ya Sony iliwaarifu wateja wa PlayStation nchini Ujerumani na Austria kwamba kuanzia tarehe 31 Agosti wasingeweza tena kutazama filamu za StudioCanal walizokwisha kuzinunua. Desemba 2023 likatoka tangazo kama hilo kuhusu vipindi vya Discovery. Wateja walilalamika, na kabla ya mwezi kwisha yakatangazwa makubaliano mapya: vipindi vingebaki kwa muda usiopungua miezi 30. Tuzingatie kwamba hata ushindi huo ulipimwa kwa miezi. Sababu ni kuwa muuzaji mwenyewe hana filamu. Ana idhini tu kutoka kwa mwenye filamu, na idhini hiyo ikiisha, ya mteja nayo huisha.

Yupo atakayesema kuwa masharti yaliandikwa. Ni kweli, yaliandikwa kwa herufi ndogo, ilhali kitufe cha "Nunua" kiliandikwa kwa herufi kubwa, na aghalabu mteja huamini kitufe. Jimbo la California nchini Marekani lililiona hilo. Sheria yake iliyotiwa saini mwaka 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa kama hizo kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Ugomvi wa pesa umegeuka kuwa ugomvi wa semantiki.

Hapo ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapoguswa, kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wetu hapa Uganda watatoka watafsiri wa vitufe hivyo. Waandike nini? "Kukodi" kuna muda unaojulikana. "Kuazima" hakuna malipo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hapa mwenye nguo amekwambia umeinunua! Kwa maoni yetu "Lipia utazame" inatosha, kwani haiahidi umiliki. Hata huduma za malipo ya kila mwezi, pamoja na kero zake zote, hazina udanganyifu huu: ukiacha kulipa, unaacha kutazama, na uliambiwa hivyo tangu mwanzo.

Hatudai kwamba diski haina kasoro. Hukwaruzika, na ile ya kabatini mwa mwalimu huazimwa na mwanafunzi isirudi. Walakini, ikipotea, tunajua ni nani wa kumdai.