Kuukuu, Kale na Mtumba: Maoni juu ya Mavazi ya Wapanki na Wagothi

Katika mambo yanayowatatiza wachunguzi wa desturi za vijana wa Ulaya, mojawapo ni hili: vijana waliotangaza kwamba wameachana na wazee wao ndio waliofungua masanduku ya wazee hao na kuyavaa yaliyomo. Wapanki wa London, walipojitokeza mbele ya watu mwaka 1976, walijigamba kuwa wamekata kamba iliyowafunga na mambo yaliyopita. Lakini duka lililowavika lilikuwa limeanza kwa kuuza nguo za miaka ya 1950. Wagothi, waliotoka ubavuni mwa Wapanki, walikwenda mbali zaidi, wakajifunika nguo za msiba za karne ya 19. Je, watu hawa walikuwa wakijipinga wenyewe, au iko njia ya kuyaelewa matendo yao? Makala haya yajaribu kujibu swali hilo. Na kwa kuwa wasomaji wake ni watu wa lugha, yataanza na majina kabla ya nguo, maana naona kuwa sehemu ya jibu imo katika majina yenyewe.

Neno la Kiingereza lililotuletea neno panki lina umri mrefu. Katika siku za Shakespeare lilikuwa na maana ya kahaba. Baadaye, huko Marekani, likawa jina la mti uliooza unaofaa kuwashia moto, na mwishowe likawa jina la mhuni na mtu asiyefaa kitu. Kwetu, vinyozi wamelitumia neno panki kuwa jina la mtindo wa kunyoa nywele. Na msomaji wa Mwanza asikiapo mapanki hufikiri kwanza mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Sidai hata kidogo kwamba neno la Mwanza limetoka London. Nasema tu kwamba watu nitawaita Wapanki, nisije nikachanganya watu na samaki.

Wagothi wa kale walikuwa taifa la asili ya Kijerumani, na mwaka 410 kundi lao moja liliingia mji wa Roma na kuupora. Wasomi wa Italia wa karne ya 16, walipotaka kuyadharau majengo ya Zama za Kati, waliyahesabu kuwa kazi ya watu hao, yaani kazi ya washenzi. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa hadithi yake The Castle of Otranto, na katika toleo la pili akaiita hadithi ya Kigothi. Tangu hapo neno likashikamana na magofu, makaburi na mizuka. Kisha, miaka ya 1970 ilipokaribia kwisha, waandishi wa habari za muziki walilibandika juu ya bendi za Kiingereza zenye sauti ya huzuni, na kutoka kwa wapigaji likawaendea wasikilizaji.

Basi majina yote mawili yalikuwa matusi. Aliyetukanwa hakulikana tusi wala hakulilipiza. Alilitwaa akalifanya pambo. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo: vijana hawa waliitendea nguo kama walivyolitendea jina. Walikiokota kilichotupwa, wakakivaa mbele ya macho ya yule aliyekitupa.

Hapa Kiswahili chatusaidia kuliko Kiingereza. Kiingereza cha leo huzisifu nguo za zamani kwa neno lililotoka katika mavuno ya zabibu, kana kwamba nguo, kama divai, huongezeka utamu kwa kuwekwa. Neno hilo ni neno la muuzaji. Laficha zaidi ya linavyoonyesha. Sisi tunayo maneno matatu yasiyolingana. Nguo kuukuu ni ile iliyochakaa na kupungukiwa thamani. Nguo ya kale ni ile ambayo umri wake wenyewe ni heshima. Na mtumba, ambao katika siku za misafara ulikuwa ni robota la nguo lililobebwa na mpagazi, leo ni nguo yoyote iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine; neno hili halisemi kama ni nzuri au mbaya, lasema tu kwamba imepita mikononi. Kwa maneno haya matatu naweza kutoa rai yangu kwa ufupi: Mpanki na Mgothi hukutana katika mtumba, lakini Mpanki huutaka ukuukuu wake, na Mgothi huutaka ukale wake.

Tuanze na Wapanki. Mwaka 1971 Malcolm McLaren na Vivienne Westwood walifungua duka katika nambari 430 ya barabara ya King's Road, London, wakaliita Let It Rock. Waliuza nguo za miaka ya 1950 zilizobaki maghalani bila kununuliwa. Na Westwood, aliyekuwa mwalimu wa shule, alizitengeneza zilizoharibika na kushona nyingine kwa kuzifuatisha. Wanunuzi wao walikuwa wale walioitwa Teddy. Jina hilo nalo lina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili washonaji wa Savile Row walijaribu kufufua mtindo wa siku za Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala kutoka 1901 hata 1910, ili wauvae mabwana wa tabaka la juu. Vijana wa kazi za mikono wa London wakautwaa mtindo huo mapema katika miaka ya 1950, wakauongezea mambo yao, na mwaka 1953 gazeti moja likalifupisha jina la Edward kuwa Teddy. Kwa hiyo koti lililouzwa King's Road mwaka 1971 lilikuwa mfuatisho wa mfuatisho: la mfalme lililotwaliwa na bwana, la bwana lililotwaliwa na kibarua, na la kibarua lililotwaliwa na mwanawe.

Duka lile lilibadili jina mara kwa mara. Mwaka 1974 liliitwa SEX, na mwishoni mwa 1976 likaitwa Seditionaries. Lakini lisilobadilika lilikuwa ni hili, kwamba kazi ilianzia katika kitu kilichopo. Shati mashuhuri kuliko yote ya Wapanki, lile la mwaka 1976 lililoandikwa juu ya uasi, halikukatwa katika kitambaa kipya. Lilikuwa shati la milia la miaka ya 1960, la namna ile aliyovaa karani kwenda ofisini, lililobaki ghalani. Likapakwa rangi, likapigwa chapa za maneno, likashonewa vipande vya nguo na picha. Mtazamaji alipaswa kuona mambo mawili kwa mara moja: shati la karani, na dhihaka aliyofanyiwa karani. Lingekuwa shati jipya, dhihaka isingekuwa na wa kumpata.

Waliokuwa wa kwanza kulitambua jambo hili hawakuwa wataalamu, bali wale Teddy wenyewe. Mwaka 1977 palitokea mapigano kati yao na Wapanki katika King's Road. Kwa mtu wa nje yalikuwa mapigano ya vijana watukutu na watukutu wenzao. Kwa kweli yalikuwa shauri la urithi. Teddy aliliona koti lake limepasuliwa na kushikizwa kwa pini mwilini mwa mtu asiyeliheshimu. Kwa Teddy koti lilikuwa la kale. Kwa Mpanki lilikuwa kuukuu. Nguo ni moja, maneno mawili, na damu ikatoka.

Yafaa sasa tuwapime waandishi waliolishughulikia jambo hili. Dick Hebdige, katika kitabu chake Subculture: The Meaning of Style cha mwaka 1979, aliona vyema kwamba mavazi ya Wapanki yalikusanya vipande vya makundi yote ya vijana waliotangulia tangu vita, yakavikata na kuviunga upya. Kwa kueleza uungaji huo aliazima fikra ya Claude Lévi-Strauss juu ya fundi anayejenga kwa vitu vilivyo karibu na mkono wake. Ni kitabu chenye nuru, na kila aandikaye juu ya mavazi ana deni kwake. Lakini kina kasoro moja: huisoma nguo kama isomwavyo alama ukutani, na alama haina bei, wala haihitaji kufuliwa. Angela McRobbie, akiandika mwishoni mwa miaka ya 1980 juu ya magauni ya mtumba na masoko yake, aliitia kasoro hiyo kidole. Alikumbusha kwamba kabla ya nguo kuvaliwa ilitafutwa, ilichaguliwa rundoni, ilinunuliwa na kurekebishwa, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake, ambao wataalamu hawakuwaona. Namwunga mkono. Ila naongeza kwamba hata yeye, kwa kulitazama soko moja, hakuwatenga vya kutosha wanunuzi wawili waliosimama mbele ya rundo lile lile, kila mmoja akitafuta kitu kingine.

Na mnunuzi wa pili ndiye Mgothi. Hakutoka mbali. Dave Vanian, mwimbaji wa bendi ya The Damned, iliyotoa mwaka 1976 sahani ya kwanza ya kipanki ya Uingereza, alikuwa amefanya kazi ya kuchimba makaburi, na tangu siku hizo za mwanzo alipanda jukwaani na uso mweupe na nguo nyeusi kama mfu wa sinema za kale. Huko Marekani, The Cramps waliuchanganya muziki wa miaka ya 1950 na upanki na mizuka ya filamu za bei rahisi. Mwaka 1979 bendi ya Bauhaus ya Northampton ilitoa wimbo juu ya Bela Lugosi, mcheza filamu wa Dracula ya mwaka 1931, na mwaka 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa Soho. Hapa mkasi umewekwa chini. Watu hawa hawakuipasua nguo ya zamani. Waliitafuta ikiwa kamili.

Waliyoipenda zaidi ni nguo ya msiba. Malkia Victoria alifiwa na mumewe Desemba 1861, akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901. Ada za msiba, ambazo kabla yake zilikuwapo, zilipata nguvu kwa mfano wake: mjane alivaa kitambaa cheusi kisichong'aa kwa muda upitao mwaka mmoja, kisha akapunguza weusi daraja kwa daraja. Yalikuwapo maduka makubwa ya nguo za msiba tu, kama lile la Jay lililofunguliwa Regent Street mwaka 1841. Watu walivaa vikuku vyenye nywele za marehemu, na mapambo ya jiwe jeusi la Whitby. Lakini Vita Kuu ya Kwanza vilipoleta maiti zaidi ya uwezo wa watu kuomboleza kwa ada, desturi hiyo ililegea, na hatimaye mavazi yake yakaachwa.

Basi Mgothi alipolivaa gauni lile, alivaa msiba usio na marehemu. Wengi wamemcheka kwa hilo, wakasema ni mchezo wa kuigiza. Kwa maoni yangu kicheko hicho ni cha haraka. Karne ya 20 ilikuwa imewafundisha watu wa Ulaya kulificha jambo la kifo, na mfiwa kurudi kazini akiwa kama wengine. Mgothi alirudisha barabarani rangi iliyosema kwamba kifo kipo. Huenda hakumjua aliyemlilia. Lakini alijua kwamba kulia kumekatazwa.

Liko jambo la Whitby linaloupambanua vizuri upande mmoja na mwingine. Jiwe lile jeusi si jiwe kwa asili yake: ni mti wa zamani mno uliogeuka jiwe chini ya ardhi, ukafaa kusuguliwa hata ung'ae. Tulikwisha ona kwamba jina la panki nalo liliwahi kuwa jina la mti, ule uliooza ukafaa kuwashia moto. Si zaidi ya sadfa ya maneno, wala sijengi hoja juu ya sadfa. Lakini yatusaidia kukumbuka. Mmoja huyachukua ya zamani ayachome, mwingine ayasugue. Wagothi, ambao tangu mwaka 1994 wamekuwa wakikusanyika Whitby, mji uliotiwa na Bram Stoker katika Dracula yake ya 1897, wanakwenda mahali pao hasa.

Lakini haikuwezekana kuukuu ibaki kuukuu. Mwaka 2013 jumba la Metropolitan la New York liliyaonyesha mavazi ya Wapanki pamoja na ya washonaji wa matajiri. Nguo iliyopendwa kwa sababu haina thamani ikapewa kabati la kioo. Mwaka 2016 Joe Corré, mwana wa McLaren na Westwood, alizichoma katika mto Thames nguo na kumbukumbu za upanki alizosema kuwa na thamani ya pauni milioni 5. Wengine walimwita mharibifu. Mimi naona kwamba alikuwa mfuasi wa mwisho wa kanuni ya kwanza, na kwamba moto wake ulithibitisha kushindwa: maana anayechoma kitu cha pauni milioni 5 amekwisha kukubali kwamba ni cha kale.

Msomaji aweza kuuliza, je, mambo haya ya mavazi yanastahili kalamu ya mtaalamu? Nitajibu kwa jambo moja. Agosti 2007, katika mji wa Bacup, Lancashire, msichana Mgothi wa miaka 20 alipigwa na vijana bustanini pamoja na mwenziwe, akafa. Mahakama ilitambua kuwa hakuwa amefanya kosa lolote ila kuonekana tofauti. Mwaka 2013 polisi wa Manchester na wilaya zake walianza kuyaandika mashambulio ya namna hiyo pamoja na uhalifu wa chuki. Waliompiga waliisoma nguo yake, wakaisoma vibaya. Na wataalamu nao, tunapomwita mtu wa namna hii mwigizaji, au mtumwa wa mitindo, tunaisoma nusu.

Nakomea hapa kwa kuomba jambo dogo. Wafasiri wetu wanapokutana na neno lile la Kiingereza la mavuno ya zabibu, aghalabu huandika "ya zamani" na kupita. Wasipite upesi. Wamtazame kwanza mvaaji, waulize kama amelitwaa koti kuwa kuukuu au kuwa la kale, ndipo waandike. Lugha yetu imeliweka tofauti hilo tayari. Na watu waliopigana kwa ajili yake mwaka 1977 hawakuwa na maneno ya kulitaja.