Gunia ya bunga na ukumbusho wetu

Ku Lubumbashi, miaka ya 1970, mchoraji hakungojea kitambaa cha kutoka Ulaya. Alikamata gunia ya bunga, akaipasua, akaivuta juu ya mbao, akachora. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alifanya vile.

Wengine wanasifu ile gunia yenyewe, kama vile umaskini njo ufundi. Hapana. Ufundi ulikuwa ku rangi chache, mistari ya wazi, maneno yaliyoandikwa ndani ya picha, na kujua mnunuzi anataka nini ku saloni yake. Picha ya «Colonie Belge», mfungwa akipigwa fimbo mbele ya mzungu, ilirudiliwa mara mingi na mikono mingi. Ile haikuwa uvivu: picha moja ilitafuta chakula cha siku, na kila nyumba ilitaka ukumbusho wake.

Lakini tuseme ukweli. Mwenye kuuza picha moja-moja hawezi kusimulia historia nzima, na Tshibumba alitaka kuisimulia. Alipata nafasi mwaka 1973 na 1974, wakati Johannes Fabian, profesa mgeni ku univerisite ya hapa, alinunua mfululizo wa picha kama 100. Leo ziko Amsterdam.

Basi gunia inamsaidia mchoraji kuanza. Ili amalize, inaomba mnunuzi. Sisi tunaosifu akili ya vijana wetu, tununue pia, na tuchunge. Tukikawia, watoto watalipa ndege kwenda kutazama historia ya inchi yao.