Uhakiki wa Vigezo vya Kulinganisha Vichanganuzi vya Njia Wazi na vya Njia Funge katika Upimaji wa Kabonidayoksaidi

Sehemu hii inahakiki vigezo ambavyo watafiti hutumia kulinganisha aina mbili za vichanganuzi vya gesi vinavyofungwa minarani ili kupima mabadilishano ya kabonidayoksaidi baina ya ardhi na hewa. Katika aina zote mbili, kiasi cha gesi hutambuliwa kwa mionzi ya infraredi, kisha huoanishwa na mwendo wa upepo unaopanda na kushuka. Kichanganuzi cha njia wazi hupima hewa ipitayo mbele yake. Cha njia funge huivuta hewa kwa pampu kupitia mrija.

Mrija hufifisha mabadiliko ya haraka, hususan ya mvuke wa maji unaonata kwenye kuta zake, hivyo mtiririko hupimwa pungufu. Njia wazi haina mrija, lakini hupima msongamano wa gesi. Hewa ikipata joto hutanuka, na mimea huonekana kufyonza kabonidayoksaidi hata isipofyonza. Webb, Pearman na Leuning (1980) walitoa mlinganyo wa kurekebisha dosari hiyo. Hata hivyo, Burba na wenzake (2008) walionesha kwamba wakati wa baridi kichanganuzi cha LI-7500 chenyewe huipasha joto hewa iliyomo katika njia yake, na joto hilo halinaswi na kipimaupepo kilicho kando.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba uwiano mkubwa baina ya vipimo vya nusu saa, ambao aghalabu hutolewa kama ithibati, si kigezo toshelevu. Kosa la nasibu hupungua kadiri vipimo vinavyoongezeka, ilhali kosa la upande mmoja hujilimbikiza. Tuchukulie kosa la mikromoli 0.5 kwa mita ya mraba kwa sekunde: kwa siku 150 hufikia takribani gramu 78 za kaboni kwa mita ya mraba. Kiasi hicho chaweza kufanya uoto unaotoa kaboni uhesabiwe kuwa unaihifadhi.

Aidha, vichanganuzi vinavyotumia kipimaupepo kimoja vyaweza kukubaliana katika kosa lilelile. Wilson na wenzake (2002) walibaini, katika vituo 22, pengo la nishati la wastani wa takribani asilimia 20. Pengo la namna hiyo halifichuliwi kwa kulinganisha vichanganuzi pekee.

Kwa hiyo, utafiti huu unapendekeza vigezo vitatu vitumike kwa pamoja: jumla ya mwaka, tofauti kwa kila majira, na urari wa nishati wa kituo. Uwiano wa vipimo vya nusu saa ubaki kuwa hatua ya awali tu.