Hali ya Hewa au Tabianchi? Uhakiki wa Filamu ya The Day After Tomorrow

Filamu iitwayo The Day After Tomorrow, iliyoongozwa na Roland Emmerich na kuanza kuonyeshwa mwezi wa Mei 2004, ilitengenezwa kwa gharama ipatayo dola milioni 125 za Marekani, na mapato yake katika majumba ya sinema duniani yalizidi dola milioni 500. Ni nadra filamu ya fedha nyingi kiasi hicho kuyafanya mabadiliko ya tabianchi kuwa kiini cha hadithi yake. Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba mwalimu atafutaye mfano wa kuwaonyesha wanafunzi, au mfasiri atafutaye msamiati wa jambo hili, angepata humo cha kumfaa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hakipati, na kwa nini kasoro kubwa ya filamu hii ni, kwa hakika, kasoro ya istilahi.

Hadithi yenyewe ni hii kwa ufupi. Jack Hall, mtaalamu wa tabianchi za kale anayeigizwa na Dennis Quaid, anashuhudia bamba la barafu la Larsen B likipasuka huko Antaktika. Anauonya mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini New Delhi kwamba maji ya barafu iyeyukayo yatapunguza chumvi ya Atlantiki ya Kaskazini na kuusimamisha mkondo wa bahari upelekao joto kaskazini. Makamu wa Rais wa Marekani anampuuza. Punde si punde mvua ya mawe inaipiga Tokyo, Los Angeles inabomolewa na upepo, bahari inaifunika New York, kisha nusu ya kaskazini ya dunia inaganda. Sam, mwana wa Jack, anajihifadhi na wenzake katika maktaba kuu ya mji, wakichoma vitabu ili wapate joto, na baba anakata theluji kwa miguu kumfuata.

Tusiidhulumu filamu hii. Bamba la Larsen B lilivunjika kweli mwaka 2002, likapoteza eneo la kilomita za mraba zipatazo 3,250 katika muda wa mwezi mmoja hivi. Mkondo unaotajwa upo, na wataalamu wanauchunguza kwa wasiwasi. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba mkondo huo utadhoofika katika karne hii, ingawa lilikadiria, kwa uhakika wa wastani, kwamba hautakoma ghafla kabla ya mwaka 2100. Msingi wa hadithi, basi, si uzushi mtupu. Kinachosikitisha ni kile kilichojengwa juu ya msingi huo.

Kiswahili kinatofautisha mambo mawili ambayo filamu hii imeyachanganya. Hali ya hewa ni ile ya leo au ya juma hili: mvua, jua, upepo. Tabianchi ni mwenendo wa hali hizo kwa muda mrefu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima wastani wake kwa vipindi vya miaka 30. Neno letu limeundwa kwa busara. Mtu aliyekasirika leo ana hali ya hasira. Hatuwezi kusema ana tabia ya hasira mpaka tumwone kwa miaka. Emmerich amechukua mabadiliko ya tabia na kuyaonyesha kana kwamba ni mabadiliko ya hali. Dunia yake inaingia zama za barafu katika siku chache tu. Hata kama mkondo ungekoma, baridi ingeenea kwa miongo ya miaka, si kati ya mlo mmoja na mwingine.

Jina la filamu linadhihirisha kosa hilo. Kiswahili hulifasiri kwa neno moja, keshokutwa, nasi tunayo maneno ya kwenda mbele zaidi: mtondo kwa siku ifuatayo keshokutwa, na mtondogoo kwa siku ifuatayo mtondo. Lakini jambo tunalolizungumza halihesabiwi kwa siku. Barafu iliyofunika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imepungua kwa asilimia 85 hivi kufikia mwaka 2007. Hakuna aliyekimbizwa na upungufu huo, wala hakuna siku moja ambayo ungeweza kupigwa picha ukitokea. Hata hivyo hiyo ndiyo tabianchi, na msanii anayetaka kuisimulia hana budi kutafuta njia ya kuufanya upole huo utishe. Emmerich hakuitafuta.

Badala yake ametupa baridi inayowinda. Hewa ya juu sana inashuka ghafla ikiwa na ubaridi wa nyuzi 100 hivi chini ya sufuri. Ukungu wa barafu unawafuata vijana ukumbini, nao wanaokoka kwa kufunga mlango na kuchochea moto. Mwalimu wa fizikia atatambua kasoro mara moja: hewa kavu ishukapo hubanwa, na ibanwapo hupata joto, kiasi cha nyuzi 10 kwa kila kilomita. Lakini hasara ya usanii inaizidi hasara ya sayansi. Janga ambalo mlango unaweza kulizuia limekwisha kuwa zimwi la hadithi za watoto, na mbwamwitu waliotoroka kutoka hifadhi ya wanyama wanaongezwa kana kwamba barafu peke yake haitoshi.

Mfasiri wa filamu hii atakabiliwa pia na neno kimbunga. Lugha yetu hulitumia kwa dhoruba kuu za baharini, na pia kwa nguzo nyembamba ya upepo izungukayo juu ya nchi kavu, kama zile zilizoibomoa Los Angeles ya Emmerich. Tunapendekeza kimbunga kibaki kwa zile za baharini, na hizi za nchi kavu ziitwe chamchela au kisulisuli. Halafu kuna dhoruba tatu kubwa za filamu, zinazoikalia nchi kavu kwa siku kadhaa huku zikizidi nguvu. Kimbunga hulishwa na maji ya bahari yenye joto, na kifikapo bara hudhoofika. Kwa hiyo kuziita hizo vimbunga ni kuipa filamu sayansi isiyokuwa nayo. Dhoruba yatosha. Hili si suala la anasa. Kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019 na kuua mamia ya watu. Kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024. Mvuvi asikiaye onyo redioni anastahili neno lenye maana moja.

Sehemu bora ya filamu ni fupi mno. Wamarekani wanaokimbia baridi wanavuka mto kuingia Meksiko, ambayo imefunga mpaka wake na haiufungui mpaka madeni ya Amerika ya Kilatini yasamehewe. Mwishoni yule aliyekuwa Makamu wa Rais, akihutubia kutoka ugenini, anawaita watu wake wageni katika nchi zilizokuwa zikidharauliwa. Neno hilo lapaswa kutufikirisha. Wanaovuka mto huohuo kuelekea kaskazini hawaitwi wageni. Kwa nini anayekimbia njaa awe mhamiaji haramu, na anayekimbia theluji awe mgeni? Hapa palikuwa na filamu nzima, nayo imeachwa ipite kwa dakika chache.

Wako watakaosema kwamba filamu hii imewaamsha watu, na hawakosi ushahidi. Uchunguzi wa Anthony Leiserowitz, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba Wamarekani walioitazama walikuwa na wasiwasi zaidi juu ya ongezeko la joto duniani kuliko wasioitazama. Hatulikatai jambo hilo. Lakini wasiwasi uliofundishwa kungoja wimbi refu kama jengo huenda usilitambue janga linapokuja kwa sura ya kisima kinachokauka miaka kumi mfululizo. Aliyeambiwa keshokutwa, keshokutwa ikapita salama, ana haki ya kusema alidanganywa.

Kwa hiyo tunawasihi walimu watakaoionyesha filamu hii wawaulize wanafunzi, kila baada ya tukio, kama waliloliona ni hali ya hewa au tabianchi. Kadhalika tunawasihi watumishi wa serikali na waandishi wa habari wasiandike "mabadiliko ya hali ya hewa" pale wanapokusudia mabadiliko ya tabianchi. Hali ya hewa hubadilika kila siku, na hilo si habari kwa mkulima yeyote.