Namna ya Kuipima Kazi ya Kuokoa Kanda za VHS

Kanda ya harusi ya mwaka 1989 ikirudi kutoka kwa fundi ikiwa faili, macho hukimbilia mng'ao. Mng'ao ni rahisi kuutengeneza. Kazi ya thamani hutoa kila kilichomo kwenye mkanda, wala haiongezi kisichokuwamo. Ipime hivi.

Mwendo. Video za kwetu zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL: picha 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa na mafungu mawili, mistari ya witiri na ya shufwa. Mhariri hodari huyageuza mafungu hayo kuwa picha 50 kamili kwa sekunde. Mvivu hutupa fungu moja. Tazama mikono ya mpiga ngoma. Ikirukaruka, au kingo zake zikiota meno kama kitana, kazi ni duni.

Unyoofu. Tazama mwimo wa mlango. Ukitetemeka, au ukipinda juu ya picha, huenda mistari haikusawazishwa wakati wa kunakili. Chenga chache chini kabisa si kosa la fundi: hapo ndipo vichwa vya deki hupokezana. Kuzifunika kwa ukanda mweusi kunatosha.

Umbo. Picha ya VHS ni 4 kwa 3. Ikivutwa kujaza televisheni ya leo, wageni wote wananenepa.

Rangi na ngozi. Wekundu wa kanga huvuja nje ya ukingo wake. Mhariri makini huurudisha mahali pake. Kisha simamisha picha bibi harusi anapoinua kiganja. VHS haihifadhi chembe ndogondogo, kwa hiyo hina itaonekana imefifia kidogo, na ndivyo inavyopaswa. Ukiona maua makali ya hina, yenye ncha kali, shuku programu ya akili mnemba: imechora ambayo mpakaji hakuyachora. Nyuso zisizo na mkunjo hata mmoja nazo zimesuguliwa kupita kiasi.

Sauti. Sikiliza herufi "s" kwenye hotuba. Ikififia, huenda kichwa cha sauti cha deki hakikulingana na mkanda, au mchujo wa kelele umekula na maneno.

Faili ghafi. Fundi bora hukukabidhi pia nakala ya kwanza, isiyoguswa. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016, na mkanda wenyewe unazidi kuchakaa. Uhariri mbaya unaweza kurudiwa ikiwa nakala hiyo ipo. Idai kabla ya kulipa.