Mgeni Anayerudi Huandaliwa Kabla Hajafika

Kila inapozuka habari ya kujenga hoteli ya kifahari kisiwani katika Ziwa Kivu, mazungumzo huanzia kwenye idadi ya vyumba. Vyumba arobaini, bwawa la kuogelea, ukumbi wa harusi, gati la boti za mwendo kasi. Hesabu hiyo ni ya mgeni wa mara ya kwanza, yule anayevutwa na picha. Kumpata huyo ni ghali: wakala wa safari anachukua asilimia yake, matangazo yanalipiwa, bei inapunguzwa ili akubali. Mgeni anayerudi huandika mwenyewe kuuliza kama chumba chake kiko wazi, na mara nyingi huja na ndugu au marafiki. Mwaka 1990 Frederick Reichheld na W. Earl Sasser walichapisha katika jarida la Harvard Business Review uchambuzi wa biashara za huduma, wakaonyesha kwamba kampuni ikiweza kuzuia asilimia 5 tu ya wateja wake wasiondoke, faida yake inaweza kupanda kwa asilimia 25 hadi 85, kutegemea biashara yenyewe. Kisiwani, ambako kila mfuko wa saruji na kila kreti ya soda huvushwa majini, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama hoteli itaishi au itabaki gofu.

Basi mgeni hurudishwaje? Wengi hujibu kwa tabasamu la mapokezi, sahani ya matunda chumbani na punguzo la bei. Mimi nashikilia kwamba jambo hilo huamuliwa mapema zaidi, kwenye mchoro wa paa, kwenye choo na kwenye mkataba wa kazi wa mhudumu.

Mfano unaonifundisha zaidi uko Zanzibar. Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kilomita 12 hivi kusini mwa Mji Mkongwe. Kina msitu mnene wa vichaka, mnara wa taa wa mwaka 1904, msikiti mdogo wa zamani, na upande wa magharibi miamba ya matumbawe ambayo ni nadra kuikuta hai namna ile karibu na mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi katika miradi ya maendeleo, aliiomba Serikali ya Zanzibar iilinde miamba hiyo na kumwachia aisimamie kwa fedha za utalii. Mwaka 1994 eneo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi, na mwaka 1998 likaanza kupokea wageni wa kulala. Muda na gharama vilipita sana makadirio ya mwanzo, maana kibali kimoja kilipita ofisi nyingi na kila ubao ulivushwa kwa boti. Nyumba za wageni zilizojengwa ni 7, basi.

Kwa nini 7? Tazama maji. Chumbe haina kisima wala chemchemi. Kila nyumba imeezekwa paa pana la makuti lililoinamishwa ili lidake mvua. Maji hushuka kutoka paani, hupita kwenye chujio, kisha huingia katika tangi lililoko chini ya sakafu. Kutoka hapo hupandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto kwa jua. Mgeni akishaoga, maji yake hayaachiwi yakimbilie baharini. Huelekezwa kwenye kitalu cha mimea inayonyonya naitreti na fosfeti, kwa sababu virutubisho hivyo vikifika kwenye matumbawe huotesha mwani, na mwani huyafunika matumbawe mpaka yafe. Choo hakitumii maji hata tone: ni choo cha mboji, hakina shimo la kuvuja. Umeme wote ni wa jua.

Sasa fanya hesabu kama fundi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya watu 2, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku, katika ukame wa siku 90. Unahitaji tangi la lita 10,800, na paa lenye uwezo wa kulijaza kabla mvua haijakatika. Huwezi kuongeza kitanda bila kuongeza paa, huwezi kuongeza paa bila kukata msitu, na msitu ndio uliomleta mgeni. Jengo lenyewe humwambia mwenye mali aishie wapi. Mwaka wa biashara nzuri, pale ambapo kila mwekezaji hushawishika kubana vyumba vinne zaidi kwenye kona, paa la Chumbe linakataa. Ndiyo maana anayerudi baada ya miaka mingi hukuta utulivu uleule, watu wachache walewale mezani, na bahari ambayo haijachafuliwa na choo cha jirani. Wakati wa masika kisiwa hufungwa kwa wiki kadhaa. Mapaa hujaza matangi wakati hakuna wa kuyamaliza, na mafundi hupata nafasi ya kubadilisha makuti.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nalipenda sana. Usiku njia za Chumbe hazina taa, na mgeni hupewa tochi. Kaa wa nazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, hutoka gizani kutafuta chakula, na kisiwa kile ni miongoni mwa mahali alipobaki kwa wingi. Gharama ya kumtunza kiumbe huyo ni kuzima balbu. Anayerudi humtafuta kaa wake kwa tochi, na humkuta.

Wapo watakaosema huo si ufahari, kwa kuwa hakuna kiyoyozi wala televisheni. Lakini Mnemba, upande wa kaskazini-mashariki mwa Unguja, kisiwa cha bei ya juu kabisa kinachoendeshwa na kampuni ya andBeyond, nacho kina nyumba 12 tu mchangani. Anayelipa bei ile hununua nafasi na ukimya, na vitu hivyo huisha pale mwenye hoteli anapoongeza vyumba.

Upande wa pili wa kazi ni watu. Wavuvi wa vijiji vya karibu waliokuwa wakivua kwenye miamba ya Chumbe walifundishwa kuwa walinzi wake. Hawabebi bunduki. Kazi yao ni kumfuata mvuvi mwenzao kwa boti, kumweleza kwamba samaki wanaozaliana ndani ya hifadhi hutoka nje na kuingia katika nyavu zake, na kuandika kila tukio. Walinzi haohao huwaongoza wageni majini kwa miwani na mrija. Kwa hiyo mgeni aliyefundishwa kuelea na mlinzi fulani hurudi kuuliza habari za mlinzi huyo, na humuuliza pia jinsi miamba ilivyoendelea baada ya maji ya bahari kupata joto kali na matumbawe kupauka, kama ilivyotokea mwaka 1998 na tena 2016. Mgeni huyo ameondoka akiacha hadithi katikati, na anarudi kuifuata. Hiyo ndiyo nguvu ambayo bwawa la kuogelea haliwezi kuizalisha: bwawa halina kitu kinachoendelea likiachwa.

Hoteli kubwa za dunia hujaribu kupata nguvu hiyo kwa kumbukumbu za maandishi. Kampuni ya Ritz-Carlton ilijulikana kwa kuwapa wafanyakazi vidaftari vya kuandika kila walichogundua kuhusu mgeni, mto anaoupenda au kinywaji asichogusa, kisha habari hizo zikaingizwa kwenye kompyuta ili hoteli nyingine ya kampuni izisome. Ni mbinu nzuri kwa hoteli yenye mamia ya vyumba. Kwenye nyumba saba, mhudumu aliyekaa miaka kumi anatosha kuwa daftari. Sharti ni akae. Mwajiri anayewapa watu mikataba ya miezi mitatu mitatu anafuta kumbukumbu ya hoteli yake kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha.

Kumbuka pia safari ya kurudi nyumbani. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watie mkono katika maji baridi sana kwa sekunde 60, kisha mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile pamoja na 30 za ziada ambamo maji yalipashwa moto kidogo tu. Walipoulizwa zoezi lipi wangekubali kurudia, wengi walichagua lile refu zaidi, kwa sababu mwisho wake ulikuwa nafuu. Mtu hukumbuka kilele na mwisho. Kwa hoteli ya kisiwani mwisho ni boti. Kwenye Kivu kila mtu anajua jinsi upepo wa kiangazi, Juni hadi Agosti, unavyonyanyua mawimbi ziwani. Nahodha anayemwondoa mgeni asubuhi maji yakiwa shwari, kwa boti yenye jaketi za kuokolea zinazofunga vizuri, anamfanyia mwenye hoteli kazi kubwa kuliko mpishi wa chakula cha jana usiku.

Nyumbani kwetu, Kivu, mambo haya hayakuanza leo. Tchegera, kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mwandamo upande wa Goma, ni ukingo wa kreta ya zamani uliojitokeza juu ya maji. Hifadhi ya Virunga iliweka hapo kambi ya mahema ya kifahari, machache, yanayoangalia volkano ya Nyiragongo. Mgeni aliogelea hapo bila hofu ya mamba wala kiboko, kwa kuwa Kivu haina hao. Na kusini, huku kwetu, hifadhi ya Kahuzi-Biega ilishapata siri ya mgeni anayerudi tangu miaka ya 1970, pale mhifadhi Adrien Deschryver alipoanza kuwazoesha gorila uwepo wa watu na kila dume akajulikana kwa jina. Kasimir, Mushamuka, baadaye Maheshe, Ninja, Chimanuka. Aliyewahi kumwona Mugaruka, dume aliyepoteza mkono kwa mtego, hahitaji tangazo ili arudi Tshivanga, kituo cha hifadhi hiyo. Anahitaji kuambiwa kama Mugaruka yu hai.

Lakini Kahuzi inafundisha pia kosa. Batwa, ambao ujuzi wao wa nyayo ndio uliowezesha kazi hiyo, waliondolewa katika misitu yao hifadhi ilipoanzishwa na kupanuliwa. Ugomvi uliopandwa hapo umemwaga damu na kuteketeza misitu, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa haki Batwa. Chumbe walimwajiri mvuvi na kumwachia bahari ya pande nyingine. Tofauti ya hatua hizo mbili naiona kubwa kuliko tofauti yoyote ya vitanda na mashuka, na anayetaka kujenga Idjwi, kisiwa chenye watu wengi, mashamba ya kahawa na mananasi, na Bambuti wasio na ardhi, aanze kwa kuichunguza.

Njia ya kufika, pamoja na usalama wake, nayo ni sehemu ya hoteli. Mwezi Mei 2018 mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa Virunga akiwalinda watalii, na utalii ukafungwa hadi Februari 2019. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na katikati ya Februari vikaingia Bukavu. Hakuna paa wala daftari linaloweza kumrudisha mgeni katika hali hiyo, na sitaki kumdanganya mtu. Kinachoweza kufanywa sasa ni kuwashikilia wale wanaojua: waongozaji, wafuatiliaji wa nyayo, manahodha. Wakitawanyika kutafuta riziki Kampala au Nairobi, amani itakuta mahema bila kumbukumbu.

Na amani ikija, hesabu ya Kivu itakuwa tofauti na ya Chumbe. Kwetu mvua inanyesha kwa wingi na ziwa lina maji baridi yasiyo na chumvi. Paa halitamkataza mwekezaji chochote. Kikomo lazima kitafutwe upande wa uchafu. Ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, Mto Ruzizi, na chupa za plastiki tunazotupa kwenye miteremko ya Bukavu huteremka na mvua hadi ziwani, kisha huelea mpaka bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. Mji mzima hukaa gizani kwa sababu hiyo. Hoteli ya Idjwi yenye vyumba arobaini na choo cha kuvuta maji itamwaga ziwani kile mgeni wake atakachoogelea mwaka unaofuata.

Kwa hiyo mchoro uanzie huko. Kwanza vyoo vya mboji na kitalu cha kuchujia maji ya kuogea, vipimwe vinaweza kubeba watu wangapi kwa siku. Pili boti ya kurudisha plastiki zote mjini, ijulikane inabeba kilo ngapi na inakwenda mara ngapi kwa wiki, na kwa hiyo inatosha plastiki za watu wangapi. Namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo idadi ya wageni, na vyumba vihesabiwe kutokana nayo, hata kama vitatoka sita.