Gugu Linalovua Risasi

Mtajie mvuvi wa Ziwa Victoria gugu maji, atakuonyesha injini iliyosongwa na nyavu zilizochanika. Ana haki yake. Lakini ling'oe moja, ligeuze juu chini, uitazame mizizi yake: myeusi yenye uzambarau, kila mmoja umeota vijizizi pande zote mfano wa unyoya wa kuku. Kazi ya kunasa sumu majini hufanyika hapo.

Mwaka 1975, katika maabara za NASA karibu na Bay St. Louis, jimboni Mississippi, Bill Wolverton na mwenzake walieleza namna gugu hili linavyotoa metali za risasi na zebaki majini. Maabara zenyewe zilikuwa na majitaka ya kuzihangaisha, yakiwemo ya chumba cha kusafishia picha, yaliyobeba madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Ukachimbwa mfereji wa kupindapinda, ukatandwa magugu, maji yakapitishwa chini yake. Wolverton anajulikana zaidi kwa mimea ya sebuleni ya kusafisha hewa. Mimi nauhusudu zaidi ule mfereji.

Kona zake si pambo. Maji yakinyooka hupita mbio na sumu yake. Yakizungushwa hukawia, na kukawia ndiko kunakotakiwa. Chembe za metali zikiwa majini huwa na chaji chanya, na ngozi ya mzizi ina chaji hasi, basi hunasa. Nyingine hupenya ndani, ila sehemu kubwa huishia mizizini, kidogo tu hupanda majanini. Kwa hiyo jani haliaminiki: linaweza kung'aa kijani huku chini limebeba risasi.

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Penye joto na uchafu wa kutosha, gugu huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Ukichelewa kulivuna hufa, huoza, na kila lilichokamata hurudi majini. Ukikata majani tu umejisumbua bure. Litoke na mizizi yake. Kisha lianikwe. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo lundo zima hunyauka likawa mzigo mdogo, ukazikwe kwenye shimo lililozibwa lisivuje. Metali haijateketea. Imehamishwa tu, kutoka bwawa zima hadi furushi unaloweza kulilinda.

Kule Mississippi adui alikuwa baridi: jalidi ikianguka, magugu hufa. Ziwa Victoria halina jalidi, na gugu lenyewe asili yake ni bonde la Amazon, kwenye joto kama letu.

Nawe ukilikuta limestawi mbele ya bomba la kiwanda, usilikatie mbuzi wako, wala usilifanye mboji ya mchicha.